Kabla hujanunua kamera, nunua mizani

Kazi yangu ni kutafuta hoteli zinapovuja pesa. Juzi saa nne usiku nilipigiwa simu na mwenye hoteli mmoja hapa Kisumu. "Dada, nitegee kamera jikoni, halafu umlete mtu wako ajifanye mteja. Namjua mwizi, nataka tu ushahidi." Ni wa tatu mwezi huu, na wote watatu wametoka kutazama vipindi vilevile vya Marekani.

Nimevitazama pia. Mystery Diners ya Charles Stiles ilianza Food Network mwaka 2012, na mwaka uo huo ikaja Restaurant Stakeout ya Willie Degel. Kamera zinafichwa, tajiri anakaa kando akikodolea skrini, mhudumu ananaswa, anaitwa, anaumbuka. Nusu saa, kazi imekwisha. Ndiyo maana watu wanaamini kila hasara ina sura, na sura yenyewe ni ya weita.

Weita anayempa mteja nambari yake badala ya ile ya Lipa na M-Pesa ya hoteli yupo, sikatai. Kwa huyo namtuma mgeni wa siri: anakula, analipa, ananiletea risiti na saa aliyolipa. Nalinganisha kapten oda (karatasi ya oda ambayo weita hupeleka jikoni), bili na taarifa ya malipo. Basi.

Lakini hoteli ya huyu aliyenipigia simu ilikuwa ikivuja kwenye samaki. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, muuzaji akashusha beseni la ngege. Mizani ikasoma kilo 20, karani wa stoo akataka kutia sahihi. Nikaomba barafu itolewe kwanza na samaki wachuruzike maji. Tulipopima tena, kilo 17 na robo. Wakaparuliwa magamba na kutolewa matumbo, zikabaki kilo 15 kasoro kidogo, na mafuta hayajawekwa hata motoni. Mwenye hoteli alikuwa akichukua zile kilo 20 za karatasini, anazigawanya kwa uzito wa sahani moja, na kila sahani isiyoonekana anamkata mpishi mshahara. Miezi mitano! Mama mzima, mwenye watoto shuleni, analipia barafu ya mtu mwingine. Kamera ingeonyesha nini hapo? Ingemwonyesha mpishi akipika.

Jambo hili linaniuma kwa sababu sheria iko wazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Na kabla ya kumfukuza kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, na asikilizwe. Ukimwita mbele ya skrini na kumfukuza papo hapo, jiandae kwa mahakama ya kazi. Picha nazo zina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mwaka 2023 ukumbi mmoja wa burudani Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Mgeni wa siri naye simwamini kupita kiasi. Anaona meza moja, saa moja, siku moja. Miaka kadhaa iliyopita, huko Nakuru, niliandika kwamba weita fulani alipokea pesa taslimu bila kutoa bili. Alifukuzwa. Baadaye nikaikuta ile bili imeingizwa kwa nambari ya mwenzake, kwa kuwa mashine ya bili ilikuwa imeifungia nambari ya huyo weita. Nilirudi kusema, lakini nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Tangu hapo siandiki jina la mtu kwa ziara moja, hata mwenye hoteli akasirike.

Huyu wa Kisumu sasa anapima samaki wakishachuruzika maji, na muuzaji ameanza kulalamika. Pesa za mpishi bado hajarudisha. Nimemwandikia hesabu yake, mwezi kwa mwezi, na Jumatatu nampigia tena.