Hidaya, jua na mtandao uliokatika

Mei 2024 huku kwetu Lindi mambo yalikuja kwa mkupuo. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kikaingia pwani, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Tarehe 10 na 11 dunia ikapigwa na dhoruba ya jua, yaani milipuko ya jua inayorusha chembe na sumaku hadi huku, ambayo mfano wake haukuonekana tangu 2003. Jumapili ya tarehe 12, mtandao ukapotea. Vijiwe vya kahawa vikayafunga yote fundo moja, na hadi leo kuna watu hawataki lifunguliwe.

"Jua ndilo lililoleta kimbunga na kukata mtandao." Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, basi. Na Hidaya ilipata nguvu zake kwenye maji ya moto ya bahari. Dhoruba ya jua ingeweza kumsumbua mvuvi kwa njia nyingine: kuiyumbisha jipiiesi yake, hasa baada ya magharibi, maana kwenye ukanda wetu wa tropiki tabaka la juu la hewa huchafuka saa hizo hata bila dhoruba.

"Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) walituonya mapema kuhusu Hidaya, basi na jua hutabirika vivyo hivyo." Hapa ndipo pagumu. Kimbunga hufuatiliwa hatua kwa hatua kikivuka bahari. Jua likilipuka hutuma vitu vitatu, na kila kimoja kina mwendo wake. Mwanga na eksirei hufika kwa dakika 8 hivi. Ukiuona mlipuko, ujue umeshakufikia. Chembe zenye kasi kubwa, ambazo ndizo adui wa mwanaanga, zinaweza kufika ndani ya nusu saa. Wingu la gesi yenye sumaku huchukua siku moja hadi tatu. Hilo angalau tunaliona likiondoka, ila hatujui sumaku yake imeelekea wapi mpaka lipite kwenye setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Ikielekea kusini, ngao ya sumaku ya dunia hufunguka. (Kusini hii haihusiani na upepo wetu wa kusi.) Kufikia hapo, muda uliobaki mara nyingi hautimizi saa moja.

"Watu walikwenda Mwezini wakarudi salama, hofu ya nini?" Apollo 16 ilisafiri Aprili 1972, Apollo 17 Desemba. Dhoruba kali ya chembe ilitokea Agosti, katikati yao. Mimi naiita bahati. Ndiyo maana kwenye Orion, chombo kipya cha NASA cha kwenda Mwezini, mpango ni wanaanga kujibana pamoja na kujizungushia mizigo, kwa kuwa nje ya ngao ya dunia hata begi la chakula husaidia kuzuia mionzi.

"Wapelekwe maroboti tu, hayana damu." Hayana, lakini yana saketi. Oktoba 2003 chombo cha Mars Odyssey, kinachoizunguka Mirihi, kilipoteza kifaa cha MARIE kwa dhoruba ya jua. Kazi ya kifaa hicho ilikuwa kupima mionzi ili watu waje kwenda salama!

"Dunia ikitulia, kote kumetulia." Kundi la madoa ya jua (sehemu zenye sumaku kali ambako milipuko hutokea) lililotupiga Mei 10 halikufa. Jua lilizunguka, likatupa kisogo, na Mei 20 madoa yaleyale yakailenga Mirihi. Roboti Curiosity ikapima mionzi inayokaribia picha 30 za eksirei ya kifua, na picha za kamera zake zikajaa michirizi kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Mirihi haina ngao ya sumaku inayoifunika yote, na hewa yake ni nyembamba mno.

Hivyo utabiri wa Mirihi unahitaji macho ya kule. Roboti Perseverance hupiga picha za jua kupima vumbi la hewani, na ndani ya picha hizo huonekana madoa ya upande ambao sisi bado hatujaonyeshwa.