Jamani, mfumo sio kompyuta

Juzi nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara, jina naliacha, nimepeleka vifungashio nasubiri tu kusainiwa delivari noti niondoke. Kijana wa kaunta akaniambia "subiri kidogo kaka, mfumo uko chini". Nikasubiri. Saa nzima. Getini malori mawili kutoka Tandahimba yamesimama, matingo wamelala juu ya magunia, na pembeni yao mlinzi ana kaunta buku lake lenye biro iliyofungwa kwa uzi wa gunia, anaandika namba ya gari, saa, magunia mangapi, dereva anatia sahihi, anaitwa wa pili. Mfumo uko chini eti, na mimi nauangalia umekaa kwenye kiti cha plastiki unaandika.

Kwa kifupi, mfumo wa taarifa wa kampuni ni watu, utaratibu waliokubaliana, kumbukumbu wanazoweka na vifaa wanavyotumia, vyote vikiwa vimeshikana ili jambo lililotokea getini au kwenye oveni limfikie anayetakiwa kuamua kabla hajachelewa. Kompyuta inaweza kuwemo, inaweza isiwemo. Maana ndo hiyo, sasa nije kwenye kinachoniuma.

Neno lenyewe limetoka kwenye kufuma. Uzi huu umesimama, ule unapita katikati yake, juu chini juu chini mpaka panatokea kitambaa, na mfumo kwa asili ni namna hicho kitambaa kilivyofumwa, basi, hamna cha siasa wala cha umeme hapo. Ndo maana likafaa kuitia vitu vingine vilivyoshikana, maana nguo ukikata uzi mmoja sehemu mbaya inafumuka yote. Halafu kuna kufuma nyingine, ya mshale, ya kumpata mtu asipotegemea, ambayo ndo imetuzalia kufumania. Hizo mbili zisichanganywe, ingawa nimeshafanya kazi na mabosi waliolipa hela nyingi kwa ile ya kwanza huku kichwani wanataka ya pili. Ntarudi hapo.

Kinachoshangaza ni kwamba sisi watu wa Kusini ndo tulitakiwa kuwa wa mwisho kukosea hili neno. Stakabadhi ghalani tumeanza nayo kwenye korosho msimu wa 2007/08, sheria yake ni ya 2005, na mkulima yeyote wa Newala hata hajawahi kugusa kompyuta anakwambia "mfumo wa stakabadhi" bila kujikwaa. Anajua maana yake ni korosho inapelekwa chama cha msingi, inapimwa, inaenda ghala kuu, karatasi inatoka, mnada unafanyika, hela inapita benki. Mnada umekuja kuingia mtandaoni miaka ya karibuni tu, miaka yote ya nyuma wanunuzi walikuwa wanaweka barua kwenye sanduku zinafunguliwa mbele ya watu, na tuliuita mfumo vilevile. Wengine waliupenda wengine waliulaani, ila hamna aliyeuliza umechomekwa wapi. Hata mfumo wa vyama vingi umerudi 1992 na sijasikia mtu akisema umegoma kuwaka.

Kilichotuharibia nadhani ni benki na ofisi, ukifika unaambiwa mfumo haupo, neno likaanza kusinyaa. Wakaja wauza programu. Viwanda vya nje vilianza na programu za kupiga hesabu ya malighafi miaka ya 1960, zikakua zikameza stoo, mauzo na mishahara, na mwaka 1990 kampuni ya Gartner ya Marekani ikazipa jina la ERP, yani programu ya kupanga rasilimali zote za kampuni mahali pamoja, jina ambalo ndo wanalokuja nalo huku na begi la laptopu. Kwa Kiswahili wakasema "tunawauzia mfumo". Hapana bwana, mnatuuzia programu. Mfumo mmeukuta.

Sasa ile ya kufumania. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani wa stoo kiwanda kingine, tukaletewa programu mpya na kijana mmoja kutoka Dar, mwerevu kweli, ila korosho anaijua ya kwenye pakiti. Akauliza gunia moja linatoa nini. Akaambiwa gunia ni kilo 80, na mzigo wetu ukikatwa sampuli unasoma paundi 50, yani kila gunia lina paundi 50 za korosho ya ndani. Akapiga hesabu, paundi 50 ni kilo 22.68, na katoni ya kusafirisha nje nayo ni kilo 22.68 hizohizo, akafurahi, akaandika gunia moja katoni moja. Ukiiangalia kwenye karatasi ni hesabu tamu sana.

Kuanzia siku ya kwanza ripoti ya jioni ikawa nyekundu. Upungufu. Kesho yake upungufu. Bosi akaamini skrini, kina mama wa kumenya wakaanza kupekuliwa wakitoka, mpaka vilemba wanafunuliwa, na wengine wamefanya kazi pale tangu mimi niko shule. Aliyeokoa ni fundi wa oveni, mzee asiye na neno, aliuliza tu "na maji mmeyatoa?" Kumbe zile paundi za sampuli zinapimwa korosho ikiwa bado na unyevu wake na lile ganda jembamba jekundu la ndani. Sisi tunaiingiza oveni inakauka, kisha ganda linamenywa, kwa hiyo uzito lazima ushuke hata kama kiwanda kizima ni watakatifu. Na hapo sijagusa zinazooza.

Tukachukua daftari tukapima kila hatua, baada ya kubangua, baada ya oveni, baada ya kumenya, baada ya kupanga madaraja, wiki mbili mfululizo, mzee anataja namba mi naandika. Ndo tukapata upungufu wa kawaida wa kila hatua, tukampa kijana aingize, na ripoti ikatulia. Baada ya hapo ikiwa nyekundu tulijua twende hatua ipi, na mara moja kweli ilikuwa oveni inakausha kupita kiasi. Wala hakukuwa na mwizi. Huko ndo kusimika na kufuatilia mfumo, na kufuatilia nako kumetoka kwenye kufuata, unaenda na mzigo nyayo kwa nyayo toka getini mpaka kwenye katoni, sio kuvizia watu kwenye skrini. Na kina mama hawakuombwa radhi, hilo nalo niliseme.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kaunta, kompyuta ikizima semeni kompyuta imezima, intaneti ikikata semeni intaneti imekata, hata nyie wenyewe mtajua mpigie fundi au kampuni ya simu. Mkisema mfumo uko chini kila mtu anakaa chini nao, wakati mzani unafanya kazi na kitabu cha getini kinaandikwa. Yule kijana nilimwambia hivyohivyo kwa upole, nikamwonyesha mlinzi pale nje. Akacheka, akatoka akaazima kaunta buku, akaangalia gari langu limeingia saa ngapi na mabando mangapi, akanijazia delivari kwa mkono.