Kukompaili kiendeshi kwenye Linux: maana yake, na kwa nini Wi-Fi hupotea tena

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Arua, Uganda, aliniletea laptopu yake ikiwa imepoteza Wi-Fi kwa mara ya pili. Akaniuliza, "Kijana wangu, si ulisema umeikompaili? Sasa hiyo kompaili imekwenda wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Miezi miwili nyuma niliandika amri mbele yake, mistari ikapita kwenye skrini, Wi-Fi ikawaka, akalipa akaenda zake. Sikumweleza nilichokuwa nimefanya, na fundi anayemwachia mteja giza hajamaliza kazi.

Programu huandikwa na watu kwa lugha wanayoweza kuisoma. Sehemu kubwa ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, imeandikwa kwa lugha iitwayo C. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Prosesa haiyaelewi hata neno moja, kwa sababu yenyewe hufuata maagizo ya namba tu. Kuyageuza maandishi hayo kuwa maagizo ya namba ndiko kukompaili, na programu inayofanya kazi hiyo ni kompaila. Kwenye Linux kompaila iliyozoeleka ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, miaka 4 kabla Linus Torvalds hajatoa Linux yenyewe.

Kwa programu za kawaida huna haja ya kuhangaika. Ukitumia apt, amri ya kuweka programu, kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, unaletewa kitu kilichokwisha kukompailiwa na wengine. Kiendeshi, au draiva kama tunavyosema dukani, ni jambo jingine. Hiki ndicho kinachojua kuzungumza na kifaa: kadi ya sauti, kamera, kijiti cha Wi-Fi. Vingi vimo tayari pamoja na kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiyo maana ukichomeka kipanya kinatembea papo hapo. Lakini vijiti kadhaa vya Wi-Fi vya bei nafuu viendeshi vyake havimo. Unapata msimbo chanzo, unaukompaili mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha swali la mwalimu. Watengenezaji wa Linux wamekataa kwa makusudi kuahidi kwamba mambo ya ndani ya kerneli yatabaki vilevile kutoka toleo moja hadi jingine. Kwa hiyo kiendeshi unachokompaili kinashonwa kwa vipimo vya kerneli moja, kama sare ya shule inavyoshonwa kwa vipimo vya mtoto mmoja. Vipimo hivyo vimo kwenye kifurushi chake, linux-headers, na lazima kilingane kabisa na kerneli inayotumika. Amri ya uname -r hukuonyesha jina lake kamili, pamoja na zile namba za mwisho ambazo wengi huziruka. Ukiwa na vipimo vya mtoto mwingine, kompaila itagoma, au itakupa nguo isiyoingia mwilini.

Nilimwonyesha mwalimu kwa macho. Nilifungua folda ya /lib/modules. Ndani mlikuwa na folda mbili, kila moja ikibeba jina la kerneli. Kiendeshi chake, faili moja yenye mwisho wa .ko, kilikuwa kimekaa salama kwenye folda ya zamani. Mfumo ulikuwa umejisasisha, ukaleta kerneli mpya yenye folda yake, na humo kiendeshi hakikuwemo. Hakuna kilichoharibika. Mtoto alikua, sare ikabaki kabatini. Akacheka, akasema, "Kumbe ipo!"

Dawa yake inaitwa DKMS, programu iliyoanzia kampuni ya Dell mwaka 2003. Badala ya kukompaili mara moja na kusahau, unaukabidhi msimbo chanzo kwa DKMS, nayo kila kerneli mpya inapoingia inakikompaili kiendeshi upya bila wewe kuitwa. Ni fundi cherehani anayeishi nyumbani kwako. Mara ya kwanza mimi nilitumia make na make install peke yake, yaani amri za kukompaili na kuweka mara moja tu, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Msimbo wenyewe ukiwa na maelekezo ya DKMS, yafuate hayo, na hakikisha linux-headers nayo inasasishwa pamoja na kerneli.

Kuna mtego unaowatesa wengi huku kwetu: ili upate kompaila na vipimo unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo haipo. Usihangaike na flashi. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kwa kawaida Linux itaipokea bila kiendeshi cha ziada. Weka build-essential (kifurushi chenye kompaila), dkms na linux-headers ya kerneli yako. Kabla ya hapo zuia simu isivute masasisho yake, maana bando litaisha katikati.

Ikiwa kila kitu kimekompailiwa vizuri na bado kerneli inakataa kiendeshi kwa kulalamikia ufunguo, angalia Secure Boot, kinga inayokagua programu kompyuta inapowaka. Ikiwa imewashwa, kerneli hudai kiendeshi kiwe na sahihi ya kidijitali inayoaminika. Ubuntu hukuomba utunge nenosiri, kisha ukiwasha upya skrini ya buluu inakuuliza uuthibitishe ufunguo. Watu huipita ile skrini kwa haraka, halafu wanarudia kukompaili siku nzima bure.

Kama hujanunua kijiti bado, mwombe muuzaji akichomeke kwenye laptopu yenye Linux, uandike lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Utaona namba mbili zimetenganishwa na nukta pacha. Zitafute mtandaoni, uone kama kiendeshi chake kimo ndani ya kerneli, na kuanzia toleo lipi. Mwalimu alifanya hivyo aliponunulia shule vijiti vingine, akavirudisha viwili palepale kaunta.