Lishe ya mama mjamzito, ubongo na mwili wa mtoto: maswali kutoka Mwanza

Mama mkwe ananishauri nile kidogo ili mtoto asiwe mkubwa nikashindwa kujifungua. Nimsikilize?

Mheshimu mkweo, lakini katika hili usimfuate. Mtoto anayekosa chakula tumboni huzoeshwa uhaba: kongosho, ini na figo zake hukua kwa kubana matumizi, na akija kushiba ukubwani mwili hushindwa kuimudu sukari. Uholanzi iliyashuhudia hayo. Watu ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati wa njaa ya 1944 hadi 1945, walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, sukari yao baada ya kunywa glukosi ilipanda kuliko ya wenzao. Kinachonenepesha mtoto kupita kiasi mara nyingi ni kisukari cha mimba, na dawa yake si kujinyima, bali kupimwa kliniki mapema.

Ubongo wake unahitaji nini?

Mfereji wa neva, unaozaa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajijua. Kwa hiyo foliki asidi, aina ya vitamini B, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya kubeba mimba. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya tezi ya shingoni mwa mama yake, na homoni hiyo hutengenezwa kwa madini hayo.

Kisha kuna dagaa, ambao naona tunawadharau kwa kuwa ni wa bei nafuu. Dagaa wa ziwani huliwa mzima, kichwa na miiba, hivyo hutoa protini, kalsiamu, madini ya chuma, zinki na mafuta yanayojenga ubongo. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba chagua walioanikwa juu ya chanja. Walioanikwa mchangani waoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, uwapike na mchicha au mgagani.

Natamani sana udongo wa pemba. Una madhara?

Una madhara. Huzuia chuma kufyonzwa, na unaweza kubeba risasi na mayai ya minyoo. Hamu yenyewe huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, basi mweleze mkunga bila aibu. Vidonge vya kuongeza damu vimeze kwa maji, pamoja na chungwa ukilipata, na chai isubiri saa moja au mbili.