Kwa nini mlango wa ukumbi unafunguka kwa nje wakati wa kwako nyumbani unafunguka kwa ndani?

Hebu cheki mlango wa chumbani kwako. Unafunguka kwa ndani, si ndio? Bawaba zinabaki ndani, na ukiufungua kwa haraka humgongi mtu anayepita koridoni. Sasa nenda sinema, ukumbi wa harusi, au bweni lililojengwa kwa kufuata sheria, unakuta mlango unasukuma kwenda nje. Sio kwamba fundi alikosea kufunga fremu. Ni sheria hiyo, na iliandikwa baada ya watoto kufa.

Tarehe 16 Juni 1883, mji wa Sunderland kule Uingereza, kulikuwa na shoo ya watoto kwenye ukumbi unaitwa Victoria Hall. Mwishoni zikaanza kugawiwa zawadi kwa waliokaa chini, wale wa juu wakaona hapa tutakosa, wakateremka ngazi mbio, mamia yao. Sasa chini ya ngazi kulikuwa na mlango unafunguka kwa ndani, yaani kuelekea kule kule walikokuwa wanatokea, alafu ulikuwa umebanwa na komeo ukaacha mwanya wa kupita mtoto mmoja mmoja, inaaminika ni ili wakague tiketi. Wa mbele wakakwama, wa nyuma hawaoni kitu wao wanasukuma tu. Walikufa watoto 183. Na hakukuwa na moto, hata cheche.

Jaribu mwenyewe utaelewa. Mlango wa kuvuta unataka nafasi, lazima urudi nyuma hatua moja ndo uvute. Ukiwa na watu hamsini mgongoni hiyo hatua unaitoa wapi? Na kila anayesukuma akidhani anasaidia ndo anazidi kuufunga. Mlango wa kusukuma, msukumo ule ule ndo unaoufungua. Baada ya Sunderland ikaja sheria ya milango ya kutosha inayofunguka kwa nje, na mwaka 1892 Mwingereza mmoja, Robert Briggs, akapata hataza (haki ya mbunifu, patent) ya komeo lenye chuma cha kusukuma: hauhitaji ufunguo wala kutafuta kitasa gizani, unaliegemea tu mlango unaachia. Ndo kile chuma kirefu kilicholala katikati ya milango ya dharura hadi leo.

Ila kinachonisumbua mimi ni kufuli. Ukifuatilia haya majanga, aliyefunga mlango mara nyingi alikuwa na sababu yake, tena sababu ambayo hata wewe ungemwelewa. New York 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle, mlango wa ngazi ulifungwa ili wafanyakazi wasitoke na mali, moto ulipozuka wakafa watu 146. Boston 1942, klabu ya Cocoanut Grove, milango mingine ilifungwa wateja wasije wakatoroka bili, huku mlango mkuu ulikuwa ule wa kuzunguka, ukakwama watu walipoujaa wakikimbia moto, wakafa 492 (ndo maana kule Marekani mlango wa kuzunguka unatakiwa uwe na mlango wa kawaida pembeni yake). Shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, bweni la wavulana lilichomwa usiku, mlango mmoja kati ya miwili una kufuli, madirisha yana vyuma. Wanafunzi 67.

Mwaka 2008 Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: mlango wa bweni upana usipungue futi 5, ufunguke kwa nje, usifungwe kamwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, na madirisha yasiwe na grili. Ukiisoma hiyo orodha ni kama unalisoma bweni la Kyanguli kinyumenyume.

Juzi kati nilikuwa kwenye sendoff, ukumbi mkubwa tu, AC zinapuliza. Mlango wa dharura upo, maandishi ya kijani yanawaka juu yake, na unafunguka kwa nje kama sheria inavyotaka. Mbele yake wamepanga viti vya plastiki vimefika shingoni, na kwenye vile vyuma vya kusukuma wamepitisha mnyororo na kufuli. Nikamfuata mlinzi.

"Tukiuacha huo bosi, wazamiaji wote wanaingilia huko."

Na ufunguo?

"Anao meneja. Ametoka kidogo."