Shirikisho la nchi haligawi ugrandimasta

Kila ubingwa wa taifa wa sataranji ukimalizika napata ujumbe uleule: "Mwamuzi, kijana kawachapa wote, mbona hamumpi ugrandimasta?" Safari hii umekuja na nyongeza, kwamba Marekani wanautoa kirahisi na sisi tunabania. Jamani, hapana. Hakuna shirikisho la nchi yoyote linalotoa ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, si la Kenya, si la Marekani, si la Urusi. Anayetoa ni FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, peke yake, na masharti ni mamoja kwa mchezaji wa Moscow na wa Mombasa.

Wanaochanganyikiwa wameona vyeo vya ndani. Marekani, ukifikisha 2200 kwa reitingi (namba inayopima uwezo wa mchezaji) ya shirikisho lao, si ya FIDE, unakuwa National Master, yaani masta wa taifa. Tovuti za sataranji huandika NM pembeni ya jina lako, palepale ambapo mwingine ameandikiwa GM, yaani grandimasta, basi mtazamaji anadhani ni ndugu wa tumbo moja. Urusi nao wamerithi ngazi za Kisovieti, Mgombea wa Umasta wa Michezo na kisha Masta wa Michezo, ambazo hata wapiga mieleka wanazo. Wasovieti walikuwa hadi na grandimasta wao wenyewe, kabla FIDE haijaanza kutoa vyeo vyake mwaka 1950. Na tafadhali, Arena Grandmaster ni cheo cha michezo ya mtandaoni. Magazeti yaache kukitangaza kama ugrandimasta.

Vyeo vya chini vya FIDE, CM (mgombea umasta) na FM (masta wa FIDE), ni reitingi tu, 2200 na 2300. Kazi inaanzia kwenye IM (masta wa kimataifa), ambapo unatakiwa uwe umegusa 2400, na GM 2500, pamoja na normu, yaani matokeo ya kiwango cha cheo hicho kwenye shindano, za jumla ya michezo 27. Kwa kawaida hizo ni normu tatu za raundi tisa tisa.

Normu ndiyo watu hawataki kuielewa. Chukua mashindano ya raundi tisa Nairobi, kijana anasaka normu ya IM. Anatakiwa acheze kwa kiwango cha 2450, kinachopigiwa hesabu kwa pointi zake na reitingi za wapinzani. Wapinzani wake wawe na wastani wa reitingi usiopungua 2230, na kwa wastani huo lazima apate pointi 7 kati ya 9. Akipata 6, wastani unatakiwa upande hadi kama 2325. Sasa mpe wapinzani wa wastani wa 1900, awafunge mpaka apate 8: kiwango chake kinatoka kama 2250. Hakuna normu hapo, hata ukumbi mzima ukimshangilia.

Tuseme wastani umetosha. Bado watatu kati ya aliocheza nao wawe IM au GM, nusu ya wapinzani wawe na vyeo (CM hahesabiwi), na kwa kawaida watoke angalau mashirikisho mawili mbali na lake. Wakija IM watatu kutoka Uganda na Zambia, upangaji wa raundi ukamkutanisha na wawili tu, normu imekufa. Hajakosea hatua hata moja kwenye bodi.

Je, hii ni haki? Nia naielewa: kuzuia watu wa mji mmoja kupandishana vyeo. Lakini kijana wa Ulaya anapanda treni na kuvuka mpaka, wetu anaanza na viza na tiketi ya ndege. Tena wachezaji wetu hucheza wenyewe kwa wenyewe, reitingi zinabaki chini kuliko uwezo wao. Machi 2024 FIDE walizipandisha zote zilizo chini ya 2000. Ilisaidia, ila haikumleta IM hata mmoja Dar es Salaam.

Kuna njia ya mkato, nayo ni halali. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alipata ugrandimasta kwa kushinda ubingwa wa Afrika Windhoek mwaka 2014, reitingi yake ikiwa chini ya 2500. Amon Simutowe wa Zambia alipitia normu. Wanaomwita Solomon grandimasta wa zawadi wananiudhi. Kanuni iliwekwa mezani kwa wote, akaja akashinda. Wasiwasi wangu uko kwenye mashindano ya kanda, yaani ya kundi la nchi zilizopangwa pamoja na FIDE, ambayo nayo hutoa cheo moja kwa moja. Kanda moja ni ngumu, nyingine laini, na cheo cha IM kinachotoka ni kilekile. Nimeshasikiliza hoja za pande zote mbili na bado hazijaniridhisha.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kulipa kiingilio muulize mwandaaji: IM na GM wangapi wamethibitisha, wanatoka mashirikisho gani, na muda wa kufikiri ni dakika 90 na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua, au ni pungufu? Ukiwa pungufu, normu isahau. Na mtoto akiipata, msitoke ukumbini bila fomu ya IT1, cheti cha normu, yenye saini ya mwamuzi mkuu.