Mtindi baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: tatizo si mafuta

Imani moja imekaa miaka mingi: aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene ale yogati "isiyo na mafuta" tu, nayo itamfaa. Sivyo. Yogati nyingi za aina hiyo zenye ladha ya matunda huongezwa sukari. Hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mdogo, sukari nyingi hushuka haraka kwenye utumbo mdogo, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamsokota na akaharisha. Nasikitika kuona mtu akiteseka hivyo huku akiamini amechagua vizuri.

Geuza kopo usome. Mtindi mtupu huwa na gramu 4 hadi 5 za sukari asilia ya maziwa katika kila gramu 100. Kinachozidi sana hapo kimeongezwa. Kisha tafuta protini, maana wengi huelekezwa kufikisha gramu 60 hadi 80 kwa siku, na tumbo sasa ni dogo. Mtindi wa kawaida una gramu 4 hivi kwa 100, uliochujwa hufika 9 au 10. Uzito wa mtindi, yaani jinsi ulivyoganda, usikudanganye: wanga ukiongezwa nao huufanya mzito.

Nyumbani, chemsha maziwa, yapoe hadi uvuguvugu wa nyuzi 43 hivi, koroga kijiko cha mtindi mtupu, funika kwa muda wa saa 6 hadi 8. Uchuje kwa kitambaa safi cha pamba ndani ya friji. Wiki za mwanzo, fuata ratiba ya daktari wako.